Mama Mizani na Sufuria Iliyotolewa Mara Mbili

Mpendwa wetu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1971, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa na kilo sita kasoro kidogo. Mkunga alidai mizani ni mbovu. Akapanda mwenyewe kujipima, akaona haina kosa, akaandika kilo zilezile.

Alisoma shule ya mtaani kwao, akahitimu chuo cha takwimu mwaka 1994, na mwaka 1996 akaajiriwa serikalini. Fundi wa kuchomelea alikuja kutengeneza lango la ofisi. Kazi ya siku moja aliifanya wiki tatu ili azidi kumwona, na wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998.

Mwaka 2011 alikabidhiwa kuhesabu hewa inayoipasha dunia joto kutokana na vyakula vyetu. Wapimaji walipita majumbani, wakapima chakula kikiwa sufuriani, wakatoa uzito wa sufuria palepale.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2019, serikali ilikuwa itangaze kwamba hewa hiyo imepungua kwa moja ya tano. Saa moja kabla, marehemu aligundua kwamba majedwali yake yalitoa uzito wa sufuria mara ya pili, hivyo chakula kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na lilikuwa limedumu miaka mitatu. Alimkuta mkuu wa idara koridoni, anafunga tai.

“Bosi, hewa haijapungua. Kilichopungua ni sufuria.”

“Usinitanie leo, mama. Nani mwingine anajua?”

“Wewe.”

“Basi lifie hapa. Ukilisema, cheo chako kinaota mbawa.”

“Na nikinyamaza, watu watalegeza kamba wakidhani wameshafika.”

Aliingia ukumbini mbele ya waandishi wa habari, akashika kipaza sauti. “Kosa ni langu.” Akaeleza jinsi sufuria ilivyotolewa mara mbili.

Alivuliwa cheo, akarudishwa kupima majumbani.

“Wamekufukuza?” mumewe aliuliza.

“Wamenirudisha mtaani.”

“Afadhali. Ofisini ulishaanza kuota kitambi.”

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Siku za mwisho mkuu yule, sasa mstaafu, alikuja kumwona wodini.

“Ningekuwa mimi, ningenyamaza,” alisema.

“Najua, kaka. Ndiyo maana sikukuomba ruhusa.”

Alifariki tarehe 17 Februari 2025, saa nne asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mama yake mkubwa.

Alale kwa amani, mwanetu.