Rimu Nne za Inchi Kumi na Tatu

Bisheni. Naanza kwa kuwaruhusu mbishe, maana nawajua wadogo zangu mlivyo, na najua hata sasa, nikiwa nimefungwa bandeji kuanzia kwapani hadi kiunoni kama kifurushi cha posta, mmoja wenu anatafuta pa kunichekea: hakuna mtu chini ya jua aliyetafuta matairi kama nilivyoyatafuta mimi. Miaka miwili! Mji huu na mingine mitatu, nimepanda juu ya marundo ya mpira hadi darini, nimebishana na watu walioanza kuuza matairi kabla baba hajamchumbia mama, na wote nikawashinda kwa mdomo. Asiyeamini, mlango wa wodi ule pale, atoke.

Haya, mmekaa. Sikilizeni basi, na wewe Karani weka simu yako hapa kwenye mto inase sauti, kwa sababu nawajua, kesho mtaanza kuambiana kaka hakusema hivi, kaka alisema vile. Nina miaka thelathini na mmoja na leo ndimi mzee wa nyumba hii, baba hayupo, na asubuhi daktari alimvuta mama pembeni kwenye korido akaongea naye kwa ile sauti ya chini ambayo haihitaji mkalimani. Spidi, futa hayo machozi, unalowesha shuka la hospitali.

Gari ni lenu wawili, sawa kwa sawa. Limepondeka ubavu na kioo kimekwenda, lakini injini ni nzima na fremu haijapinda, nimemuuliza aliyelivuta. Mkumbuke ni gari gani: la viti viwili, pua ndefu, jekundu, limezaliwa kabla yangu, baba alilikuta limekufa nyuma ya gereji akalifufua nati kwa nati, na rimu zake ni zilezile lilizotoka nazo kiwandani, nne, za alumini, inchi kumi na tatu. Alizisugua kwa mswaki kila wiki. Mswaki wetu, Spidi, ule wa zamani tuliodhani umepotea. Mnasema zinafanana na visahani vya chai. Ndiyo, ndogo, lakini walioliunda gari walilipima juu ya hizo, uzito wake, mwendo wake, namna linavyoegemea kona, na mkiweka kingine chochote mtakuwa mnaendesha gari la mtu mwingine lenye rangi ya baba.

Shida ni kwamba dunia imezisahau rimu za kipimo hicho, na wauza matairi, wadogo zangu, wananitia kichefuchefu. Nikiwakumbuka mdomo unanijaa mate machungu. Yule tajiri wa duka la vioo, mwenye taa za kumulika bidhaa kama vito, hata kuinama alikataa. "Kaka, tupa hizo, nikufungie kumi na saba zinazong'aa." Nikamwambia, "Wewe kiatu kikikubana, unakata mguu?" Wateja wake wakacheka hadi akaninyang'anya soda aliyonipa mwenyewe. Tangu siku hiyo anatuma watu wanunue rimu zetu azitundike ukutani kama pembe za mnyama aliyemwinda. Akija msibani mpeni kiti, mpeni maji, rimu asiziguse.

Mwingine akaniambia inchi kumi na tatu ni inchi kumi na tatu, akanifungia matairi ya vigari vya kusambaza mikate, ubavu mgumu kama mbao, na gari la baba likaanza kuruka kama lina kwikwi. Sikumaliza nayo hata siku tatu. Nilipomrudishia akasema tatizo ni dereva. Mimi! Mimi ambaye shule niliiacha darasa la tano, na hadi leo shule inajuta, na gari nikaliendesha kabla miguu haijafika kwenye breki.

Lakini wa kunitapisha kabisa ni mchongaji wa nyuma ya soko. Huyu huokota tairi lililoisha, upara mtupu, akapasha kisu moto, akalichonga meno mapya hadi nyuzi za ndani zinachungulia, kisha akalipaka dawa ya viatu. "Mpya hili, bosi, linuse." Nikalinusa. Lilinuka kama mguu wa askari siku ya gwaride. Watu wanapakia wake zao na watoto wao juu ya uchafu ule, na yeye jioni anakaa na familia yake anakula, mikono ina harufu ileile. Nilimtemea mate kwenye kiatu, na sijutii, ingawa mama alinifundisha adabu.

Basi ndipo nikafika kwa mzee wa ghala. Mmeshamsikia, na mnajua yuko wapi: mahabusu, siku ya tatu leo, kwa maneno yangu mwenyewe niliyomwambia polisi hapa hapa kitandani, na wewe Karani ndiwe uliyenishikia karatasi nikaweka dole gumba kwa sababu mkono wa kulia hauamki. Ghala lake ni refu, lina giza na ubaridi, na mwishoni kabisa, juu ya chanja ya mbao, yalikuwa manne. Kipimo chetu. Unene wetu, urefu wa ubavu wetu, hata ile herufi ya ubavuni inayotaja mwisho wa mwendo ilikuwa yetu. Meno mazima, na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani bado vimesimama. Nilivipapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto wake. Nikasema moyoni, wametafuta wote, amepata nani?

Nikayafunga. Mtaa mzima ulitoka. Mliona wenyewe nilivyozunguka uwanja wa mpira mara sita na honi mkononi, na nani alinishangilia kuliko wote? Wewe Spidi. Wiki mbili tu. Halafu Alhamisi ile, kwenye mteremko wa kiwanda cha saruji, nikiwa katika mwendo wa kawaida, mama usisikilize, la nyuma kushoto likajivua ngozi yote kwa mpigo mmoja, nikasikia linapiga bodi, paa, paa, paa, gari likageuka likatazama nilikotoka, na mengine nimehadithiwa. Polisi walipolitazama wakakuta namba nne ubavuni, zile za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lina umri wa miaka ishirini na sita. Kumpita Spidi! Mpira uliokaa hivyo hukauka ndani huku nje unatabasamu, na nikawaambia polisi mzee aliniapia ni ya mwaka jana. Hayo ndiyo niliyosema, wakaenda kumchukua ghalani mbele ya mkewe.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa maagizo. Gari lisitoke uani hadi lipate manne yaliyo hai, hata likikaa miaka. Spidi, hayo matatu yaliyobaki yakate kwa msumeno leo, vipande vipande, asije mtu akayaokota na kuyapaka dawa ya viatu. Spana zangu ni zako, zipangwe kama zilivyo, kubwa kushoto. Karani, chumba changu kichukue, kina dirisha. Mama asilale peke yake. Msigombane juu ya nani aendeshe. Mmoja kwenda, mmoja kurudi. Mungu awaweke, awape watu wa kuwaambia ukweli mkiwa na vichwa vigumu kama changu, na awape masikio, maana hayo mimi... hayo nilinyimwa. Mama, nisamehe kwa yote, hata yale usiyoyajua.

Spidi, usiinuke. Najua unakokwenda, umeficha ile spana ndefu kwenye koti, umeapa ukimwona yule mzee akitolewa mahakamani utamvunja. Kaa. Mlipoingia nilisema bisheni, na hamkubisha. Kuna kipande nimekiruka.

Mzee hakuniapia kitu. Alinishika mkono, akakiweka kidole changu juu ya zile namba nne, akasema, "Mwanangu, haya ni maiti. Nimeyaweka kwa ajili ya kuonyesha kipimo tu." Namba nazijua, Karani, namba hazinisumbui. Nilizisoma. Akaniambia kuna kiwanda bado kinayatengeneza, kipimo hichohicho, mapya, mara moja kwa mwaka, kwa wale walioandika kuomba. Akanipa fomu. Kurasa tatu. Akanipa na kalamu.

Ngoja... nipumue.

Maneno yalikuwa marefu, yamebanana. Wateja wawili wamesimama nyuma yangu wanasubiri. Nikaigeuza huku na huku kama mtu anayesoma, nikasema mimi si mtu wa makaratasi, na nikitoka mlangoni akanionya tena, yale maiti usiyafunge. Kesho yake nikarudi mzee akiwa hayupo, nikamwambia mkewe mumeo ameniruhusu niyachukue. Akanisaidia kuyabeba, mama wa watu. Nawatukana wachongaji... mimi nilijichonga mwenyewe.

Fomu ningekuletea wewe, Karani. Chumba cha pili tu. Ungeijaza chai haijapoa. Niliona aibu, basi, hakuna kingine, aibu. Iko ndani ya koti langu la kazi.

Nendeni mkamtoe. Wote wawili, sasa hivi, msingoje nife kwanza. Mwambieni mkewe... mwambieni mzee alinionya. Alinionya mara mbili.