Kiti Kisichogeuzwa

Ndani ya treni, mbele yangu walikaa mzee mpiga dramu wa bendi ya jazi, vijiti vyake mfukoni mwa koti, na mpwa wake wa kike ambaye mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupiga. Mzee alikuwa anastaafu, na jioni hiyo bendi ingemchagua wa kukalia kiti chake.

"Mjomba, mimi ni mashoto. Leo nazigeuza ngoma, toazi kubwa likae kushoto."

"Kiti changu hakigeuzwi. Kijiti cha kushoto kinalala kiganjani kama kijiko, nilivyokufundisha. Ukizigeuza, usitegemee kura yangu."

"Kwani ngoma zina macho, zijue mkono upi unazipiga?"

"Watu wana macho." Hoja hiyo niliipima nikaiona nyepesi, ila sikuulizwa.

"Miaka yote napiga kwa mkono wa kuazima," mpwa akasema. "Nikichelewa kidogo, unaniita mvivu."

"Mvivu ndiyo. Mimi nami nilizaliwa mashoto. Baba alinifunga mkono kwa kitambaa mpaka nikanyooka."

Binti akamgeukia mzimamzima. "Kumbe ulikuwa unajua inavyouma?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanifanyia vilevile."

Mzee akatazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu ila ukuta wa karakana. Treni ilipopunguza mwendo, binti alichukua mkoba wake akahamia behewa la mbele bila kumsubiri. Mzee akaniinamia, akaniuliza kwa adabu mlango unafunguka upande gani.

"Kushoto," nikamjibu, na treni ikasimama.