Tarea Kumi za Doña Ercilia

Benchi la mbele ya duka la Chago, pale mji wa Ocoa unapoanza kupanda mlima, halikauki watu. Nereida huuza hapo kahawa ya chupa, tamu kupita kiasi, kwenye vikombe vya funda moja anavyovipanga juu ya kitambaa. Jumamosi ile Eligio aliegesha pikipiki yake ya kubebea abiria, akakaa bila hata salamu. Alikuwa na miaka arobaini na minne na hakuwahi kumiliki hata udongo wa kupandia mnanaa. Sasa mjane mmoja mzee, Doña Ercilia, alikuwa anauza tarea kumi za pori kule juu, kama ekari moja na nusu, na Eligio alikuwa na akiba ya theluthi tu ya bei. Jumatatu mtu mmoja wa New York angekuja na pesa taslimu.

— Benki wamesemaje? aliuliza Nereida, akimmiminia kabla hajaomba.

— Wamenitosa kwa adabu. Eti ardhi tupu haikopeshewi. Haina nyumba, haina maji, haina umeme. Nikishindwa kulipa, hawana cha kushika.

— Si washike mlima! alidakia Kasabe, mtu mwembamba na mkavu kama mkate wa muhogo aliopewa jina lake. Mlima utakimbilia wapi?

Waziri akakohoa. Aliwahi kufagia ofisi za wizara ya kilimo miezi mitatu, jina likamganda.

— Nyie sheria hamjui. Ardhi tupu ni ardhi isiyo na jengo. Haya, choo ni jengo, si jengo?

— Ni jengo.

— Basi! Chimba choo, rudi benki, waambie umeendeleza eneo.

— Na hela ya choo?

— Kopa! Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana mwenye akili hukopa kubwa mara moja.

Eligio alicheka bila kupenda.

— Mimi nasema upatu, alisema Nereida. Tuko kumi na wawili. Aingie, achukue mapema.

— Nipeni zamu ya kwanza, basi.

— Ya kwanza ina mwenyewe.

— Nani?

— Mimi.

Benchi zima likaangua kicheko.

— Mikopo ya nini? Kasabe alikuwa amesimama sasa. Kule juu asubuhi kuna ukungu. Tuuze ukungu! Mtalii analipa, anasimama, haoni kitu, anarudi kwao roho kwatu.

— Haoni kitu, analipia nini?

— Ndiyo uzuri wake! Atalalamikaje kuhusu asichokiona?

— Na akipotea humo?

— Tunamtafuta kwa malipo. Faida iko hapo hasa!

— Mwaka wa pili, alisema Waziri, tunavuta kamba ya chuma kutoka kileleni mpaka hapa dukani. Watu wanateremka wananing'inia.

— "Tunavuta"? Tangu lini tumekuwa wengi?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Eligio. Chako kiko juu, kwa hiyo we simama tu. Miguu tutakushikilia sisi.

Nereida alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Eligio naye akapandwa na wazimu.

— Na uwanja wa besiboli! Ndani ya ukungu! Ukipiga mpira hauonekani ulikokwenda, kila pigo ushindi!

Kwa dakika moja hivi alisahau kabisa kwamba kulikuwa na Jumatatu.

— Mmemaliza?

Doña Ercilia alikuwa amesimama nyuma yao na pakiti ya chumvi mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi.

— Shikamoo, Doña, walisema kwa pamoja.

— Marahaba. Nimesikia choo, nimesikia upatu, nimesikia ukungu. Hivi, kati yenu nani ameniuliza mimi kama nakubali kulipwa kidogo kidogo?

Waziri alichungulia kikombe chake kitupu. Kasabe akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Eligio aliinuka.

— Doña, nilijua yule wa New York ana taslimu.

— Anazo. Anataka kuchimba bwawa la kuogelea pale marehemu mume wangu alipokuwa akilima. Wewe utapanda nini?

— Mbaazi, Doña. Na muhogo. Na parachichi huko pembeni.

Bibi yule aliihamishia chumvi mkono wa pili.

— Lete hiyo theluthi. Iliyobaki utanipa kila mwezi kwa miaka minne. Wakili ataandika, na hati nitakaa nayo mpaka umalize. Mwezi ukikushinda, njoo uniambie, usinikimbie. Jumatatu anza kufyeka, mvua iko karibu.

Eligio aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Kisha akamkumbatia Kasabe, akamkumbatia Waziri, akakumbatia na friji ya Chago.

— Si nilisema! alifoka Waziri. Nilichosema ndicho hicho hicho, ila mimi nilikisema kisheria!

Nereida akaipindua chupa. Yalitoka matone mawili.

— Kahawa kwisha. Mwenye shamba, hebu sogea, nikunje kitambaa changu.

Eligio akageuka kutazama nyuma yake ni nani anayeitwa.