Programu ya Kaka Iliyokataa Kuguswa

Wazee wangu, shikamooni. Wanaosalimiwa kwa jina la Bwana, na asifiwe. Na ndugu zetu mliopanda kutoka Mnazi, kule bondeni, kuja kukaa na sisi kwenye mkutano huu wa waliofiwa, asalaam aleikum. Mchungaji ameniomba niongee tangu zamani nami nikawa namkwepa. Leo kanikamatia mlangoni, kwa hiyo mkichoka mlaumuni yeye. Majina sitataja. Wengi wenu mnayajua, yabaki hapo hapo.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kompyuta. Kule Lukozi alikishawishi kikundi cha wakulima wafunge vipimo vya joto na unyevu mashambani, na ofisini akaweka seva, ile kompyuta isiyozimwa. Hali ya hewa ikielekea kuleta ugonjwa wa ukungu kwenye viazi, wakulima wanapata ujumbe kwenye simu: pigeni dawa. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilisomea kompyuta, ila tuseme ukweli, yeye aliandika programu na mimi nilifuta vumbi.

Alifariki kwa ajali ya pikipiki, kwenye kona za kushuka Mombo. Tulimzika nyumbani, kando ya migomba. Asubuhi iliyofuata, tunawagawia uji waliolala matanga, simu ya mama ikalia. Mama akaisoma, akanipa. Ujumbe ulitoka kwa kaka: "Shikamoo mama. Leo kuna baridi. Vaa sweta kabla hujatoka."

Ndugu zangu, nawaambia, uji ulinimwagikia mguuni na sikuusikia moto wake.

Shangazi alitaka simu itupwe chooni. Baba mdogo akataka tambiko, mzee wa kanisa akataka maombi, wakaanza kubishana pale pale. Mimi nilijua kilichotokea. Kaka alikuwa ameandika programu ndogo pembeni: kipimo cha shamba letu kikionyesha baridi, inamtumia mama salamu. Namba ilikuwa ya seva, lakini mama aliihifadhi kwa jina la mwanawe. Nilijua yote hayo, na bado nywele zilinisimama.

Nikasema moyoni, nitaizima leo. Nikaenda ofisini, nikaingia kama msimamizi mkuu, nikaandika amri ya kuisimamisha. Skrini ikajibu: umekataliwa.

Hapa mnivumilie kidogo, maana ndipo nilipoangukia. Kwenye kompyuta nyingi, mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome, na msimamizi mkuu anapita popote. Kaka hakupenda hivyo. Ndani ya mfumo endeshi aliweka mlinzi mwingine. Kila faili na kila programu ilibandikwa lebo, na sera, yaani orodha ya kanuni, ikasema lebo hii inaruhusiwa kugusa ile, basi. Mlinzi haulizi wewe ni mkubwa kiasi gani, anatazama lebo yako. Ni kama msibani: wa kaburini yuko kaburini, wa jikoni yuko jikoni, na mfiwa mwenyewe akitaka kushika jembe anaambiwa rudi ukakae. Kaka alifanya hivyo ili mambo ya wakulima yasichezewe hata na sisi wa ofisini. Ruhusa ya kubadilisha sera alikuwa nayo yeye, na nenosiri lake alikwenda nalo.

Akili yangu ilielewa. Moyo ukaelewa kitu kingine, kwamba ni yeye ananikataza. Nilijaribu kila asubuhi. Umekataliwa. Nikaanza kumjibu kwa sauti, "Kaka, niachie basi." Watu wa ofisini wakawa wanapita mbali na mlango wangu. Niliacha kula, nikaacha kuja kanisani, na mchumba niliyekuwa naye akaona bora aende zake. Simlaumu, hata mimi ningejikimbia.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mama hakulia msibani, hata tone. Alilie nini, na mwanawe bado anamsalimia? Ukungu ukishuka kutoka msituni, anatoka nje na kanga moja, anakaa kwenye kigoda, simu mkononi. Ujumbe unaingia, anausoma, anatabasamu, na sweta havai. Nilipomfokea alinijibu, "Nikivaa mapema, ataniambia nini?"

Kipupwe kikamlaza hospitalini kwa nimonia. Daktari alinivuta pembeni akaniambia mapafu yale hayatavumilia mara ya pili. Nikarudi kitandani kwake, mama anahema kwa shida, akanishika mkono. "Leo kuna baridi? Ameandika?" Niliogopa, ndugu zangu. Niliona wazi kwamba nikiendelea kukaa, nitazika tena.

Kung'oa waya wa umeme ningeweza, lakini ulikuwa wakati wa ugonjwa wa viazi na wakulima waliitegemea mashine ile. Nikampigia dada mmoja wa Dar aliyesoma na kaka. Nikamwambia, "Dada, nielekeze nimlaze huyo mlinzi, nifanye kazi yangu, nimwamshe."

"Ukimlaza, kila kitu humo ndani kiko wazi," akasema. "Namba za watu, mashamba yao, yote. Kaka yako hakutaka hivyo. Waombe viongozi wa kikundi ruhusa, tutaiwasha mashine kwa diski ya nje tuweke sera mpya. Ila utaiandika wewe."

"Dada, mimi sijui."

"Utajua."

Viongozi wakaridhia, nami nikaanza kujifunza. Nilikuwa naandika kanuni, namtumia, anazirudisha. Siku moja akanipigia. "Umejipa ruhusa ya kusoma namba za wakulima. Unazihitaji za nini?" Nikasema sizihitaji. "Basi futa. Jipe cha kazi yako tu." Nilikasirika, lakini nikafuta. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kupona, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilikuwa nafanya jambo kwa utaratibu, na jioni nikawa nasikia njaa.

Sera ilipokubali, nikaifungua programu ya kaka pamoja na kanuni zake. Ilikuwa mistari michache. Inaruhusiwa kusoma kipimo kimoja. Inaruhusiwa kutuma kwa namba moja. Mengine yote imekatazwa, na watu wote wamekatazwa kuigusa, si mimi peke yangu. Nilitegemea kumkuta kaka mle ndani. Hakuwemo.

Sikuizima kwa siri. Mama alikuwa amerudi nyumbani, nikaketi chini miguuni pake. "Mama, ile salamu si yeye. Ni programu, inasoma kipimo cha shambani."

"Najua," akasema. "Alipokifunga, mimi ndiye niliyemshikia nguzo."

"Sasa mbona hukuniambia niizime?"

"Ulitaka nimnyamazishe mimi, niliyemzaa?" Akaigeuza geuza simu mkononi. Kisha akasema, "Nyamazisha wewe. Usiniambie siku."

Nikanyamazisha. Asubuhi ya baridi ilipokuja, mama alitoka na kigoda chake kama kawaida. Nilikuwa namtazama kutoka jikoni, mwiko mkononi. Ukungu ukatanda, ukaanza kupanda, jua likatoka. Simu haikulia. Mama akainuka, akaingia ndani, akalia kwa sauti, kilio kile cha siku ya maiti. Majirani wakaja mbio, wengine hata kanga hawajafunga vizuri, wakauliza nani amefariki.

Mama akawaambia, "Mwanangu."

Na hakuna aliyemwambia mbona alishazikwa. Walitandika mikeka, wakakaa. Mmoja akakoka moto, mwingine akateka maji. Ndugu zangu, watu hao ni nyinyi, wengine nawaona kwenye mabenchi haya, na sijawahi kuwashukuru. Asanteni. Namshukuru dada wa Dar, na viongozi waliomwamini mtu aliyekuwa anaongea na skrini.

Ninachowaomba ni kimoja. Mkimwona mtu amebaki na sauti ya marehemu wake, msimnyang'anye na msimcheke. Nendeni mkakae naye. Mimi na mama hatujapona kabisa, nisiwadanganye. Kukiwa na baridi asubuhi, bado nausikia mlio ule, na simu iko kimya mezani. Nikiusikia, nakwenda chumbani kwa mama. Mara nyingi namkuta ameshaamka, naye ameusikia.