Mzee Mizani na Unga Uliomwachisha Bia

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mzee Mizani, alizaliwa Jumapili tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa nne wa fundi viatu. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa amekunja ngumi mbili, na mkunga alipozipima zikawa na uzito sawasawa. Aliyebisha alinyimwa chai.

Alisoma kuanzia 1952 hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, kuimba alishauriwa aache.

Tarehe 4 Juni 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha mabuti ya mpira. Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1968, na Novemba akahamishiwa chumba cha mizani, kupima thiramu. Huo ni unga mweupe wenye salfa ndani yake. Ukichanganywa na mpira na kupata moto, mpira huiva upesi. Wakulima nao huupaka mbegu zisiote ukungu, ndiyo maana katika maisha yake yote hakuna mtoto aliyetafuna mbegu ya pakiti mbele yake akabaki na amani.

Barakoa aliiona kero, kwa sababu haimruhusu mtu kupiga mluzi. Basi kila jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope, mkewe akammiminia bia. Nusu glasi tu, uso ukaiva kama nyanya, moyo ukadunda, akatapika. Ikawa hivyo wiki nzima. Dada yake mkubwa akaja.

"Wifi, umemwekea nini mdogo wangu?"

"Nimemwekea glasi, wifi. Bia kaja nayo mwenyewe."

Dada hakucheka. Alimwita bibi harusi mchawi, akafungasha nguo zake kwenye sanduku, akaliweka mlangoni, akasema kesho arudi kwao. Marehemu, kwa aibu yake, alitazama dari. Mkewe hakulia. Asubuhi aliwaburuta wote wawili hadi kwa muuguzi wa kiwanda.

"Unapiga mluzi kazini?" muuguzi akamuuliza.

"Kidogo."

"Basi unaula huo unga. Ukiuvuta au ukikugusa ngozi, halafu ukanywa pombe, hata funda moja, utaona cha moto. Wengine huzimia. Vaa barakoa na glavu, oga kabla ya kutoka, na pombe uache kabisa. Au uombe kazi nyingine."

"Naacha bia," akasema. "Mizani siachi. Na mke wangu siachi."

Waliporudi nyumbani, dada alilibeba sanduku kichwani kulirudisha ndani. Mkewe akamwelekeza, "Sogeza mpaka uvunguni, wifi, lisiingie vumbi."

Marehemu alistaafu mwaka 1999 akiwa hajaonja tena bia. Mwaka 2019 alipatwa na kiharusi. Daktari alipouliza kama anakunywa, alimnyooshea mkewe kidole: "Muulize mchawi wangu." Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mchawi huyo.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na saba, na dada yake mkubwa, ambaye ameomba habari za sanduku zisisomwe leo. Tumeshachelewa. Amekaa hapo kando ya wifi yake, wameshikana viganja.

Lala salama, Mzee Mizani. Sanduku bado liko uvunguni, na halina safari.