Hakuteleza: Historia ya Marehemu Mume Wangu, Dereva Mkanda

Wazazi wangu, wakwe zangu, majirani, na ninyi madereva wenzake mliosimama huko nyuma, historia hii ilikuwa isomwe na baba mdogo wa marehemu, kutoka kwenye karatasi iliyochapwa ofisini kwa mwajiri wa marehemu, nimemwomba anipishe, kwa sababu karatasi ile ina neno moja ambalo mdomo wangu haulisomi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akamaliza shule ya msingi mwaka 2004, kidato cha nne 2008, na mwaka 2011 akapata leseni ya magari makubwa, akaendesha miaka kumi na mitatu bila kugonga hata kuku, na wenzake walimbandika jina la Mkanda, kwa kuwa alifunga mkanda hata akisogeza lori hatua tano ndani ya yadi.

Tulifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2022, na tarehe 9 Novemba 2023 tukajaliwa binti, huyu niliyembeba, ndiyo kwanza anaota meno.

Sasa neno lenyewe. Wameandika "aliteleza". Jamani, wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini walimaanisha mtu mwenye pa kushika, yeye angeshika nini? Tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, jua kali, pakavu kabisa, alikuwa juu ya shehena ya saruji anakaza turubai, ngazi hakuna, mkanda wa kujifungia huko juu hakuna, wanapanda kwa kukanyaga tairi, akavuta kamba, kamba ikakatika, akaja chini kinyumenyume mpaka kwenye zege. Kamba hiyo aliiandika kwenye daftari la ubovu mara tatu, ngazi aliiomba kwa mdomo, msimamizi wa yadi akamjibu mbele yenu madereva, "Leo ngazi, kesho utataka lifti, Mkanda!" mkacheka, najua mlicheka, alinisimulia jioni ile huku na yeye anacheka.

Alilazwa siku tisa, uti wa mgongo umevunjika, akafariki tarehe 12 Juni saa nane mchana.

Keshokutwa nimeitwa ofisini, nitie saini kwamba aliteleza kwa uzembe wake. Naogopa, sina kazi, na waliotumwa na ofisi wamekaa hapo mbele wananisikia, lakini huyu mtoto atajua kusoma siku moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani aliyenilelea mwanangu siku zote tisa, na wewe dereva uliyelipiga picha lile daftari kabla halijapotea, sikutaji, Mungu anakujua. Na ninyi wengine, mkiambiwa mpande bila ngazi, kaeni chini.

Pumzika kwa amani, baba wa mwanangu, saini yangu hawaipati.