Dakika Sita Alizozikata Dada Mkasi

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imemtuma mdogo wake wa tumbo moja, huyu mnayemwona amesimama na karatasi, awasomee maisha ya dada yake, ambaye wengi mlimwita Mkasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, na katika miaka hiyo alimbeba mdogo wake mgongoni, baadaye akamshika mkono, baadaye tena akamfanyia hesabu zake, jambo ambalo mwalimu aligundua kwa sababu majibu yalikuwa sahihi mno.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika kitengo cha filamu, na mwaka 1974 akahamishiwa chumba cha uhariri, kisicho na dirisha na chenye harufu ya gundi, akawa anakata na kuunga mikanda ya mbio, ngumi, migomo na maisha ya watu wa kawaida, hadi jina la Mkasi likamganda. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1978 na wa kike mwaka 1982.

Hapa tungeweza kurukia ugonjwa, lakini msomaji ameona si haki. Tarehe 20 Agosti 1988, timu ya wanawake wa kiwanda cha nguo ilinyimwa uwanja siku ya fainali, wakaambiwa wakachezee kwenye maegesho ya magari, nao wakaingia wakakaa chini katikati ya uwanja, wakidai wacheze, wakidai pia wenzao wenye mimba wasiachishwe kazi, na nahodha wao, ambaye ni huyu mdogo mtu, akazungumza kwa kipaza sauti dakika sita mbele ya kamera za kitengo. Filamu ilipoonyeshwa Machi 1989, dakika hizo hazikuwamo, wala sura ya nahodha haikuwamo, kwa kuwa dada yake alizikata akihofia riziki ya mdogo wake, mjane mwenye mtoto anayenyonya. Ndani ya wiki mbili kiwanda kikawafukuza wachezaji kumi waliotambulika kwenye filamu, nahodha akabaki peke yake kwenye mashine, na wenzake wakasema amewauza.

Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha uhariri akamwambia dada yake, "Umeninyima hata haki ya kufukuzwa pamoja na wenzangu." Marehemu hakujitetea, alisema tu, "Nilikuona wewe, wao sikuwaona." Tangu hapo walikutana misibani na harusini kama wapangaji wa nyumba moja, shikamoo ikitoka, marahaba ikirudi, basi, kwa miaka ishirini na minane.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua, mdogo wake akaja kumwogesha na kumpikia, wakazungumza habari za mapazia na wajukuu, filamu hawakuigusa, kila mmoja akidhani siku bado zipo. Tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, akafariki dunia, mdogo wake akiwa kwenye ukumbi wa hospitali anajaza fomu.

Juzi golikipa wa timu ile alikuja kutupa pole, akaeleza kwamba mwaka 1991 marehemu alizipitia nyumba zote kumi, Jumapili moja nyumba moja, akisema, "Msimlaumu nahodha wenu, aliyekata ni mimi," akawaomba wasimwambie mdogo wake, asije akadhani anabembelezwa. Wenzake walipoanza kumsalimu tena, nahodha alidhani ni miaka tu imewapoza, na leo, akiwa na miaka sitini na miwili, ndipo anamjua aliyemrudishia marafiki, na shukrani yake hana pa kuipeleka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuachia mageti yao wazi, wafanyakazi wa kitengo cha filamu, na wachezaji saba mliofika, mliokaa safu ya nyuma.

Dada yangu, upumzike kwa amani. Nimekosa.